Pamba Safi Shavuni

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu hospitali hapa Bariadi kushonwa kidevu. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi za shule, mbio mbio za kuwahi uji. Nesi alipochana ile karatasi ya buluu na kutoa pamba, nikamwomba kipande kidogo. Akanipa, akidhani nataka kufuta machozi. Mimi nikakipeleka puani. Nesi akaniangalia, binti yangu akaniangalia, hata mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kubadilishiwa bandeji akanyanyua kichwa kuona huyu mama ana nini. Pamba ile haikuwa na harufu yoyote. Nikaona aibu kidogo, nikaitia mfukoni.

Ninyi wenzangu mliolelewa kwenye nyumba zenye pamba mnajua kilichonipata. Pamba ya kweli ina harufu. Ina jua ndani yake, ina vumbi, ina mafuta ya mbegu kwa mbali, na kule pembeni mwa chumba ina panya, tusidanganyane. Kwetu, upande wa Nkololo, msimu wa kuchuma hatukuwa na mahali pa kumkaribisha mgeni. Chumba kikubwa kilikuwa cha pamba. Ililundikwa kuanzia ukutani hadi karibu na mlango, na sisi watoto tulilala juu yake mpaka siku ya kwenda kuiuza. Sijawahi tena kulala kitanda cha namna ile, ingawa nimenunua magodoro yenye majina marefu.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa msimamizi wa pamba nyumbani. Sote tulimwita Mayu, yaani mama, kwa sababu baba ndiye aliyeanza kumwita hivyo na sisi hatukuona sababu ya kubadilisha. Miguu yake ilikuwa imeshachoka na shamba, kwa hiyo alikaa barazani kutwa nzima akichambua. Upande huu aliweka safi, pamba nyeupe isiyo na jani wala doa. Upande ule aliweka fifi, ya manjano, iliyoguswa na wadudu au iliyoanguka kwenye udongo. Macho yake hayakuwa mazuri. Alichambua kwa kidole gumba, akiiminya pamba kidogo na kuijua, huku akizungumza na watu wanaopita njiani. Wanunuzi walikuwa na tabia ya kuingiza mkono katikati ya gunia kutafuta fifi iliyofichwa. Kwenye magunia ya Mayu walikuwa wakiingiza mkono kwa mazoea tu.

Sasa, kuta za ndani za nyumba yetu hazikufika juu kwenye paa. Ukipanda juu ya mtungi mkubwa wa maji, ukashika ukuta na kujivuta, unakaa juu ya ukuta kama kuku, na chini yako kuna mlima wa pamba. Mtoto gani angekaa pale asiruke? Kaka yangu Shija alikuwa bingwa wa kuruka kinyumenyume. Mimi nilikuwa mdogo, sijaanza hata darasa la kwanza, na nilichotaka duniani ni Shija aseme kwamba nami naweza. Mchana mmoja baba alikuwa ameenda mnadani, mama yuko shambani anachuma, Mayu yuko barazani. Baba alikuwa ameegesha kipande cha bati mlangoni ili pamba isimwagikie nje. Nikaruka. Niliruka vizuri, kwa kweli, naomba ieleweke hivyo, ila pamba iliteremka pamoja nami, tukateleza wote hadi mlangoni, na shavu langu la kushoto likakutana na ukingo wa lile bati.

Sikusikia maumivu. Nilisikia joto shingoni. Shija aliniangalia usoni, akafungua mdomo, akaruka bati na kukimbilia nje akipiga kelele, "Mayu! Minza kafa!" Nikasikitika sana kusikia hivyo, maana sikuwa nimejisikia kufa.

Mayu aliingia kwa haraka ambayo sikujua kama anayo. Akaniona. Akageuka, akarudi barazani, na nilidhani amenikimbia kama Shija, kumbe alikuwa amefuata pamba. Alichota kwenye upande wa safi, konzi nzima, ile nyeupe kabisa aliyokuwa amemaliza kuichambua muda ule ule. Akaijaza shavuni, akakandamiza kwa kiganja, akaketi chini na kunipakata kichwa mapajani. Kiganja chake hakikuondoka. Pamba ilipolowa aliongeza nyingine juu yake, kisha nyingine, na muda wote alikuwa akiniambia kwa Kisukuma maneno ambayo watu huwaambia ndama waliozaliwa usiku wa baridi. Niliona fahari, hata, kwamba kwa ajili yangu Mayu anatumia safi na hakuchota fifi.

Mama alifika akiwa bado amefunga mfuko wa kuchumia tumboni. Alikuwa mwanamke wa Shishiyu, kule Maswa, mwembamba, mpole wa sauti, na kwa desturi za kwetu mkamwana hampandishii mama mkwe sauti. Akipita mbele yake hujikunja kidogo, akimsalimia hupiga magoti. Alipiga magoti hata siku ile, lakini ilikuwa ili aone shavu langu.

"Mayu, umeweka nini hapa?"

"Pamba."

"Hii hii?"

"Kwani hospitali wanaweka nini? Si pamba? Na hii nimechagua mwenyewe."

Mama akainua ukingo wa pamba kwa ncha ya kidole. Haikuinuka. Ilikuwa imeshashikana na damu na nyama, ikawa kitu kimoja. Akaurudisha mkono wake taratibu. "Ndiyo, Mayu," akasema, na hakusema kitu kingine. Nilimjua mama yangu. Akinipigia kelele, nilijua chakula cha jioni kitaliwa kwa amani. Akinyamaza, mambo yalikuwa mabaya. Nikaanza kulia hapo, na kulia ndiko kulikouma.

Kwenye zahanati ya kijiji nesi alitusukumia benchi, akachungulia, akaguna. Mama akamwuliza kama atashona. Nesi akasema angeweza, lakini hakutaka. "Uzi nilio nao hapa ni wa kushonea mguu wa mtu aliyejikata na jembe," akasema. "Huu ni uso wa mtoto wa kike. Nikishona na uzi huu ataolewa na alama yangu. Na humo ndani mmejaza pamba, lazima itolewe yote. Mpelekeni Bariadi, na msilale na kidonda hiki."

Msimu ule malori ya pamba yalikuwa yanapita kila alasiri kuelekea kiwandani, na dereva wa kwanza kusimamishwa alitupakia mbele. Alimwuliza mama mtoto ameumwa na nini. Mama akasema bati. Dereva akaniangalia, akaangalia ile pamba iliyotokeza kwenye kitenge nilichofungwa, akacheka. "Huyu naye anaenda kupimwa kwenye mzani?" Mama hakucheka. Alikuwa ananishika kidevu ili kichwa changu kisitikisike kwenye mashimo ya barabara, na mkono wake ulikuwa na nyufa za kuchuma zilizonikwaruza. Nilijua kwamba amekasirika. Sikujua kwamba anaogopa. Watoto hawajui kwamba mambo hayo mawili hukaa nyumba moja.

Hospitalini Bariadi tabibu wa zamu alikuwa mtu mnene mwenye vidole vidogo safi, na alikuwa na tabia ya kuimba chini chini bila maneno. Alinilaza, akanifunika uso kwa kitambaa cha kijani chenye tundu, akaacha shavu tu. Kisha akaanza kulowesha ile pamba kwa maji ya chumvi ili aivute uzi mmoja mmoja kwa kibano.

"Mama, huyu mtoto mlikuwa mnamtengeneza mto wa kulalia?"

"Ni bibi yake, daktari. Alidhani pamba zote ni moja."

"Hii ya shambani imepuliziwa dawa ya wadudu, imekaa na vumbi, imekaa na panya. Ya hospitali imechemshwa, imesafishwa. Ni pamba, sawa, lakini hazijasoma shule moja." Akaimba kidogo. "Uzi mmoja tu nikiuacha ndani, kidonda kitatunga usaha, na kovu litakuwa nene kama mshipi. Kwa hiyo leo tutachelewa. Mtoto, unaitwa nani?"

"Minza."

"Minza, nitakuchoma sindano ya ganzi, itauma kama nyuki. Baada ya hapo shavu litalala, utasikia navuta tu."

Aliniambia ukweli, iliuma kama nyuki, na ndiyo maana niliendelea kumwamini. Shavu likalala. Kupitia kile kitambaa niliona mwanga wa kijani, nikasikia kibano, nikasikia kuimba, na kila baada ya muda kitu kikiangushwa kwenye bakuli la chuma. Mara moja kilichoanguka kililia: ting! "Na mbegu hii hapa," akasema tabibu. "Mngepata shamba shavuni." Nikakariri neno hilo. Kisha sauti zikawa mbali, mama na tabibu wakizungumza kwa sauti ya chini, na nadhani nililala, maana nilipoamka alikuwa amemaliza.

Alimweleza mama masharti, na mama aliyarudia moja baada ya jingine kama mtoto anayetumwa dukani. Uzi aliotumia ni mwembamba kama unywele, na ameshona karibu karibu ili ngozi isivutane. Tusiuache ukae sana, turudi kuutoa kabla wiki haijaisha, kwa sababu uzi ukikawia usoni unaacha alama za vidato kama ngazi. Kidonda kisikutane na uchafu. Nyuzi zikishatoka na ngozi ikifunga, jua lisikione kidonda miezi mingi, maana jua hulifanya kovu liwe jeusi. Na kila jioni nisuguliwe kwa mafuta, kidole kikizunguka taratibu juu ya kovu, mpaka lilainike.

Tulilala kwa ndugu wa mama pale mjini, tukarudi nyumbani kesho yake. Mayu alikuwa barazani, na hakuwa anachambua. Lile bati halikuwapo mlangoni. Baadaye Shija aliniambia kuwa Mayu alilivuta mwenyewe hadi nyuma ya zizi, mzee yule wa miguu mibovu, na akalitukana. Mama akapiga magoti, akamsalimia, akaulizwa habari za mtoto.

"Ameshonwa, Mayu. Daktari amesema pamba ya shambani haiwekwi kwenye kidonda. Ni chafu."

"Nilichagua safi," akasema Mayu.

"Ni safi ya sokoni, Mayu. Siyo ya kidonda."

Mayu akaitikia kwa kichwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Bibi yangu alikuwa na mjukuu na majuto, na wote wawili alilazimika kuishi nao nyumba moja. Kuanzia siku ile hakunigusa. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa mapaja yake, nakula kwenye bakuli lake, napewa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa aliyoificha kwenye pindo la kitenge. Sasa alinipa michembe kwa kunyoosha mkono, kama anampa mgeni. Nilifikiri ananionea kinyaa kwa sababu ya zile nyuzi nyeusi. Nikawa nakaa upande wake wa kushoto ili aone shavu zuri tu.

Nyuzi zilitolewa kwa wakati. Baba alitaka tusubiri kwanza pamba iuzwe, ili safari iwe moja, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia mama akimkatalia baba mbele ya watoto. "Pamba itasubiri," akasema. "Uso hausubiri." Tulienda. Tabibu alikata vipande vile vidogo, akanionyesha kioo. Niliona mstari mwekundu kutoka chini ya jicho kuelekea taya, mwembamba, ulionyooka kama mshono wa nguo ya dukani. Mama alishusha pumzi. Alinunua mandazi mawili, na yote mawili nilikula mimi.

Basi mambo yangeishia hapo kama si Shija. Jioni moja aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayefanya uchunguzi, tabibu alitoa mbegu ngapi. Nikasema moja. Akaenda kwenye lundo la fifi lililobaki, akachota konzi moja ya pamba, akaanza kutoa mbegu na kuzipanga sakafuni mbele yangu. Zilikuwa nyingi. Akaniangalia kwa huruma kubwa.

"Mayu alikuwekea konzi nzima. Moja imetoka. Nyingine ziko wapi?"

Nikapapasa shavu. Na kweli, chini ya ngozi, katikati ya mstari, kulikuwa na kivimbe kidogo kigumu. Leo ninajua kovu bichi hufanya hivyo. Kipindi kile nilijua pamba tu, na kwa kidole changu kilikuwa kigumu kama mbegu ya pamba. Kisha kovu likaanza kuwasha, kama vinavyowasha vidonda vinavyopona, na nilipomwambia Shija akatikisa kichwa. "Inasukuma udongo," akasema. "Ikipata maji tu, basi."

Kwa hiyo nikaamua isipate maji. Nilinawa uso nusu. Mama alinikamata mara nyingi nikitoka bafuni na shavu moja linang'aa na jingine lina vumbi la tangu juzi, akanipiga vikofi vya mgongoni, na sikumwambia. Wakati ule nilikuwa nimeanza kufungwa kitenge kichwani ili jua lisinione, na nilidhani mama naye anajua siri ile, kwamba anainyima mbegu jua huku mimi nikiinyima maji. Nikampenda sana kwa hilo. Nilijiona tuko kwenye vita moja.

Ila kulikuwa na jambo la mafuta. Mwanzoni mama alinisugua mwenyewe, lakini alikuwa ameshinda shambani, na ncha za vitumba vikavu zilikuwa zimemchana vidole hadi vikawa kama msasa. Nilikuwa nalia. Jioni moja aliacha katikati, akanishika mkono, akanipeleka hadi mbele ya Mayu na kunikalisha kati ya magoti yake pamoja na kikombe cha samli.

"Mayu, daktari alisema asuguliwe. Vidole vyangu vimeharibika."

Mayu hakunyoosha mkono mara moja. Alimtazama mama, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, huku na huku, kama anaangalia kama imenawa. Mama alikuwa amesharudi jikoni. Alimpa kazi, hakumpa neno. Mayu akachovya kidole gumba kwenye samli.

Kile kidole! Kidole kilichojua jani lililojificha ndani ya pamba, sasa kilikuwa kinatembea juu ya shavu langu, kinazunguka, kinafika kwenye kile kivimbe, kinasimama, kinaminya kidogo, kinaendelea. Kila jioni. Kilikuwa laini na chenye joto, na nilifurahi kuwa tena kati ya magoti yale. Nilikuwa nasinzia pale. Lakini kila kilipofika kwenye kivimbe nilikuwa naamka na kuzuia pumzi, kwa sababu nilijua anachotafuta. Mayu alikuwa anachunguza kama imeota. Nani mwingine angejua? Nikawa namwangalia usoni, na uso wake ulikuwa na wasiwasi kila jioni, basi nami nikazidi kuamini.

Mvua zikaja. Baba alifunga plau, wakapanda, na asubuhi moja nilikwenda ukingoni mwa shamba nikaona. Pamba ikiota hutoka imejikunja, shingo imeinama, halafu inanyanyua kichwa na kufungua majani mawili. Nilisimama pale na kiganja shavuni mpaka Shija akaja kuniita. Hakunitania siku ile. Nadhani hata yeye alikuwa ameshaanza kuogopa.

Jioni ya siku ile mvua ilinyesha tena, tukawa wote jikoni, mama anasonga ugali wa mtama, Mayu amekaa kwenye kigoda na mimi kati ya magoti yake. Kidole kikaanza safari yake. Kikafika katikati, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikapita tena. Mayu akainamisha kichwa na kunisogeza karibu na moto ili aone vizuri. Nikashindwa kuvumilia.

"Mayu, imeota?"

"Nini, ng'wanone?"

"Pamba."

Mama ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka mwiko ukasimama, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, na mimi nikaanza kulia kwa hasira na kueleza yote, mbegu ya kwanza iliyolia kwenye bakuli, na hesabu za Shija, na kunawa nusu. Mama akazidi kucheka. Lakini nyuma yangu Mayu hakuwa anacheka. Kiganja chake kilikuwa kimeacha shavu langu na kukaa juu ya kichwa changu.

"Haijaota," akasema. "Hakuna kitu tena hapa, kivimbe kimelainika, ndicho nilichokuwa natazama. Hapa hapakupandwa kitu, mwanangu. Hapa nilikosea. Hata mtoto mdogo anajua."

Kicheko cha mama kikaisha. Akaipua chungu motoni na ugali haujaiva, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akafuta mikono kwenye kitenge, akaja akapiga magoti mbele ya Mayu. Mimi nilikuwa katikati yao, siwezi kwenda popote.

"Mayu," akasema. "Siku ile daktari alisema maneno mawili. Mimi nilikuletea moja."

"Na la pili?"

"Mtoto alikuwa amelala. Daktari aliniuliza ni nani aliyemkandamiza, nikamwambia. Akasema pamba si kitu, pamba ameitoa. Ila mkono ule haukuachia. Alisema mshipa uliokatika pale ni wa kumwaga damu, na kwa umbali tuliotoka, angeachia hata kidogo ningefika pale na mtoto mweupe, asiye na damu."

Mvua ilikuwa inapiga paa. Mayu akaweka kikombe cha samli chini.

"Umekaa na neno hilo tangu mavuno?"

"Nilikuwa na hasira, Mayu. Nilipouona ule uso, nilitaka iwe kosa la mtu."

Nilidhani Mayu atamgombeza. Alikuwa na haki, na alikuwa na ulimi.

"Wabeja," akasema Mayu. Asante. Kisha, "Inuka, ugali unaharibika."

Mama akainuka, akarudisha chungu motoni. Ugali ule uliliwa pamoja na vibonge vyake, hakuna aliyelalamika, na Shija aliambiwa aoshe vyombo vyote peke yake kwa ajili ya mbegu zake. Lakini kabla ya chakula Mayu alichovya tena kidole kwenye samli. Alilimaliza shavu la kushoto, taratibu, kama kila jioni. Kisha akanigeuza kichwa kwa kidevu na kunipaka shavu la kulia, ambalo halikuwa na kitu.